Taya la Jirani

Chumbani kwangu,
Jumapili mchana, baada ya kufua.

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Naandika haya nikiwa mzima wa afya, na naomba yakukute nawe mzima, pamoja na Mama na wote waliomo nyumbani. Goti lako linaendeleaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unapanda ngazi ukinung'unika, na wewe ulisikika nyuma yake ukisema hunung'uniki, unahesabu. Na mdogo wangu je, bado anaimba bafuni mpaka watu wanagonga ukuta? Mimi huku sina la kulalamikia ila kikohozi kidogo cha vumbi, ambacho nimeshakipatia dawa, kwa hiyo usianze kumtuma Mama anipigie.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Sababu ni kwamba kwenye simu wewe na mimi hatumalizi jambo. Wewe unasema ndiyo, ndiyo, endelea, kumbe jibu umeshakuwa nalo kabla sijafungua kinywa, na mimi napandwa na hasira, nakwambia mtandao unasumbua. Mtandao huwa hausumbui. Barua haina wa kuikatiza. Kwa hiyo kaa kwenye kiti chako, vaa miwani, na nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujamwita Mama. Ukishamaliza utaelewa mwenyewe kwa nini nimesema hivyo.

Najua unachongoja. Unangoja jibu kuhusu ile nafasi ya ofisini ambayo rafiki yako, Mkuu wa Utumishi, amenishikia kwa kukuheshimu. Jibu lako limo humu humu na sitakuzungusha. Ila nitaanza lilipoanzia, kama ulivyotuzoesha nyumbani kila tukija mbio mbio na kesi zetu za watoto.

Unakumbuka nilipomaliza chuo cha uhazili na utawala. Ulizungumza na rafiki yako, akasema tungoje kama mwaka hivi, kuna mtu atastaafu. Mimi nikaomba nisikae bure huo mwaka, nije huku kujifunza kutengeneza meno ya bandia kwa mwanamke ambaye shangazi alikuwa akifahamiana naye. Ulikubali shingo upande. Ulisema haina neno, itanishughulisha mikono. Baadaye Mama akaniambia kwamba watu wakikuuliza niko wapi, unawajibu niko kwenye mambo ya afya, mpaka nusu ya mtaa ikaamini nasomea udaktari. Sikukulaumu. Hata mimi mwenyewe wakati ule nilikuwa najiona napita tu.

Sasa nikueleze karakana ilivyo. Chumba cha mbele sikielezi, ni kiti, beseni na kioo. Chumba cha nyuma ndicho changu. Kuna dirisha refu, chini yake meza moja ndefu, na tuko watu watatu. Bi Koleo ndiye mwenye karakana. Jina hilo alilipata kwa sababu koleo yake ndogo haimtoki mfukoni, hata harusini amewahi kuonekana nayo. Ni mwanamke mfupi wa maneno machache, na akikusifu ujue ana homa. Mwingine ni fundi wa kung'arisha, ambaye mashine yake inanguruma kutwa nzima hata tunaongea kwa mikono na nyusi. Mimi wananiita Karani, kwa kuwa siku ya kwanza nilifika na sketi iliyonyooka pasi na kalamu mbili kwenye mfuko wa blauzi. Ilinichukua muda kuzoea kwamba hakuna wa kumwandikia kitu.

Kazi yenyewe ni hivi. Bi Koleo anampokea mteja kule mbele na kumpima. Anamwingizia kinywani kibao cha chuma chenye umbo la taya, kimejaa uji mzito wa rangi ya waridi, na uji ule ukiganda anautoa, alama ya meno na fizi imebaki humo kama unyayo kwenye matope. Mimi humimina plasta ndani ya alama ile. Plasta ikikauka napata taya la mtu, jeupe, limekaa mezani bila mwenyewe. Juu yake ndipo ninapopanga meno kwenye nta, jino baada ya jino. Nta hiyo inajaribiwa kinywani mwa mteja, na ikikubali ndipo tunaipika kazi iwe plastiki ngumu ya rangi ya ufizi. Bi Koleo ana sheria moja ambayo sijasikia kwingine. Mwanafunzi haonyeshwi mteja. Anapewa taya, chini yake limeandikwa jina kwa penseli, basi. Anasema ukishamwona mtu usoni utampangia meno kwa kumpenda au kwa kumwogopa, na kinywa kina mambo yake. Mimi nilidhani ni ukali tu wa mwenye duka.

Sheria hiyo ndiyo iliyonitia matatani. Lililetwa taya la bibi mmoja, mwalimu mstaafu, lisilo na jino hata la dawa. Kwa kuwa hapakuwa na pa kuigia, Bi Koleo alimwomba picha ya ujanani, nami nikaibandika dirishani mbele yangu. Kwenye picha bibi anacheka, na katikati ya meno yake ya mbele pana mwanya wa kupitisha njiti ya kiberiti. Mimi na usomi wangu nikauona ni upungufu. Vitabu vyetu vyote vina picha za meno yaliyoshikana kama vigae vya bafuni. Nikasema ngoja nimfanyie hisani mama wa watu, nikauziba. Meno yakakaa sawasawa, nikajipongeza rohoni, na kwa kuwa Bi Koleo alikuwa anaumwa wiki ile, kazi ikapikwa bila yeye kuikagua wala bibi kuijaribu kwenye nta.

Bibi alikuja kuyavaa pamoja na mumewe. Kule nyuma tukamsikia mzee akimwuliza Bi Koleo, kwa upole kabisa, mke wake amemweka wapi. Nikaitwa mbele. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwekwa uso kwa uso na mteja. Bi Koleo hakunigombeza, alinisogezea kigoda akaniambia nisikilize. Bibi akasema hana ugomvi na mimi, meno ni mazuri mno, angeweza kuyapeleka maonyeshoni. Lakini yeye, alisema, amefundisha watoto wa watu kwa mwanya ule, ameposwa kwa mwanya ule, na marehemu dada yake alikuwa nao huo huo, na leo amejitazama kiooni akamkuta mwanamke mgeni anamchekea. Alikuja kurudishiwa mdomo wake, hakuja kununua mwingine. Mumewe akaongeza kwamba kwa umri alio nao hana tena nguvu za kuanza kuzoeana na mke mpya. Tulicheka wote, mimi nikicheka huku machozi yananitoka kwa aibu.

Niliyarudia yale meno. Nilikaa na ile picha mpaka nikaujua mwanya wa bibi kuliko nyuzi za viatu vyangu. Alipovaa mara ya pili alijitazama, akajichekea kiooni, na mzee akasema haya, sasa twende nyumbani. Baba, sijawahi kufurahi vile kwa kazi yoyote. Chuoni nilifaulu vizuri, unajua, hata cheti umekitia fremu, lakini sikumbuki alama hata moja iliyonifanya nishindwe kula kwa furaha. Siku ile nilishindwa. Nakwambia haya ili usidhani kwamba mwaka mzima nilikuwa huku nakula upepo.

Lakini sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kazi hii ina ubaya wake na nimeuona. Vumbi la plasta linaingia mpaka kwenye nyusi, na ukiisahau barakoa siku moja tu unakohoa wiki. Vidole vyangu vina makovu ya moto wa taa ya kuyeyushia nta. Pensheni hakuna. Bi Koleo si kijana, na akiamua kesho kufunga duka hakuna wa kumwuliza. Na watu wanatucheka. Kuna kijana mmoja alikuwa akinitembelea, kijana mzuri tu, siku alipoona sinia la meno kwenye meza yangu akasema ametoka nje mara moja kupokea simu. Mpaka leo anaipokea.

Na ofisini nilikwenda, kama ulivyoniagiza. Rafiki yako alinipokea kama mwanawe. Akanionyesha chumba, meza, kiti cha kuzunguka, kabati la mafaili lenye funguo zake, na dirisha linalotazama bustani. Akasema mwenye kiti anaondoka mwisho wa mwezi, na kwamba kwa ajili yako nafasi hiyo hakuitangaza. Nilikaa kwenye kiti. Ni kiti kizuri, sitasema uongo. Mama mmoja wa meza ya pembeni akaniuliza kwa kunong'ona kama mimi ndiye binti wa yule karani mkuu wa zamani, yule ambaye hata feni ilipoharibika hakulegeza tai. Nikasema ndiye. Akanipa pole na hongera kwa pamoja, nami sikumwuliza ipi ni ya nini.

Nilirudi chumbani nikajilaza nikawaza. Nikawaza siku iliyofuata, na iliyofuata tena. Nikakata shauri kukubali. Ndiyo Baba, umesoma sawasawa. Nilikubali. Na si kwa sababu ya kiti wala bustani, wala pensheni, ingawa pensheni ni kitu cha maana na najua inavyokusaidia. Nilikubali kwa sababu nilijiona siwezi kusimama mbele yako nikakwambia hapana. Tangu utoto wangu hapana yangu kwako inaishia kooni. Wewe unakohoa kidogo, unashusha miwani puani, na mimi nageuka kitoto cha darasa la kwanza kilichopoteza sweta. Nilipiga hesabu nikaona ni rahisi kukaa ofisini mpaka uzeeni kuliko kukabili kikohozi kile mara moja.

Kwa hiyo Ijumaa ya wiki ya juzi nilimwendea Bi Koleo nikamwambia mwisho wa mwezi naondoka. Mashine ya kung'arisha ilikuwa inanguruma, ikabidi niseme mara mbili. Alinitazama, akafuta mikono kwenye aproni, akasema basi nimalize kazi iliyopo mezani kwangu, asije akaachiwa kiporo. Nilitarajia angalau aulize sababu, nikaona vibaya kidogo kwamba hakuuliza.

Kazi iliyokuwepo ilikuwa taya la juu na la chini, la mwanamume, lililopimwa Jumatano, wakati mimi nilikuwa nimetoka kupeleka meno yaliyokamilika kwenye kliniki ya mtaa wa pili. Chini yake paliandikwa jina la jirani yetu wa nyuma, yule mnayegombana naye kwa ajili ya mti wake unaomwaga majani kwenye paa letu. Nilicheka peke yangu. Nikasema kumbe hata huyu naye amefunga safari mpaka huku, na maneno yake yote yale kumbe anayasema bila magego. Nikalivuta karibu na dirisha nianze kazi.

Baba, halikuwa taya la jirani.

Meno mawili ya mbele ya chini yamepandana, la kushoto limemkalia mwenzake begani. Ndivyo yalivyo yangu, nayaona kila asubuhi nikipiga mswaki. Jino la juu, la pembeni, limelika mahali pale mtu anapobana kalamu. Nilikaa chini. Nikalizungusha mkononi, nikaliweka, nikalichukua tena. Nikajiambia watu wanafanana. Halafu nikalifumba na la chini, likafumba kwa kuhama kidogo kuelekea kulia, vile unavyofumba mdomo ukiwa umeshaamua jambo na hutaki kuulizwa zaidi. Taya hilo nimekaa nalo meza moja ya chakula tangu nizaliwe. Moyo ulinilipuka, maana jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba unaumwa na mmenificha.

Nikamwendea Bi Koleo nikamwuliza mteja huyu alisema nini alipokuja. Alinieleza bila kupamba. Alikuja mzee nadhifu, mwenye tai, na joto lote lile, akajitambulisha kwa jina hilo, akasema anataka kuulizia habari za meno. Lakini kila akijibiwa la meno, yeye anarudi kwenye la binti. Huyo binti anayejifunza hapa yukoje? Anawahi? Ana mkono wa kazi? Je, atabakishwa? Bi Koleo akamjibu kwamba nafasi anayo moja, na amemwekea huyo huyo. Hapo mzee akasema yeye ni rafiki wa familia. Binti ana kazi nzuri sana inamngoja, ila ni mtoto mwenye huruma, atashindwa kumwacha mwalimu wake. Je, haingekuwa wema kama Bi Koleo angemwambia hakuna nafasi, akaenda zake bila majuto?

Bi Koleo akamjibu kwamba hapa pananunuliwa meno ya bandia tu, maneno ya bandia akayatafute duka jingine. Kisha, kwa kuwa mzee alikuwa amesema amekuja kwa ajili ya meno, akamwambia akae kitini afungue kinywa. Mzee akasema hana haraka. Bi Koleo akasema mwenye haraka ni yeye. Nawaza uso wako, Baba. Umekuja kunimwagia unga wangu, ukaishia kukalia kile kiti, taulo limewekwa juu ya tai, kinywa kimejaa uji wa waridi, na huwezi kusema ndiyo wala siyo mpaka ugande. Nilicheka mpaka fundi wa kung'arisha akazima mashine kuja kuuliza kulikoni.

Nilipomaliza kucheka nilikasirika. Nakwambia wazi kwa sababu sitaki usikie nusu. Nilikasirika sana. Umesafiri njia yote hii na goti lako hilo, umemwambia Mama unakwenda kufuatilia pensheni, kama alivyonieleza mwenyewe kwenye simu, umejiita jina la mtu ambaye hata salamu hampeani, yote hayo ili mwanao aambiwe hafai mahali ambapo anafaa. Na siku ile nilikuwa mtaa wa pili tu. Ungeningoja kidogo tungekunywa chai, ukaniuliza mimi mwenyewe, na ajabu ni kwamba ungeniuliza ningekwambia naichukua ile nafasi. Hukuwa na haja ya kujisumbua. Moyoni nilikuwa nimeshakwisha kujifukuza.

Jumamosi nilikuja kazini na hasira zangu, nikakaa nikapanga meno yako. Kazi ni kazi. Lakini mtu hawezi kumpangia mtu meno bila kuona yaliyompata. Magego ya kushoto huna, juu na chini. Mahali pake pameshuka na kuwa laini kabisa, na hiyo ina maana yametoka zamani, pengine mimi nikiwa bado shule ya msingi. Ya kulia yamebaki mawili nayo yamechoka. Hapo nikakumbuka nyama yako ulivyokuwa ukituhamishia kwenye sahani zetu, na karanga, ukisema wewe si mpenzi wa vitu hivyo. Tuliamini. Mama alikuwa akikutania kwamba unakula kama mgonjwa, na wewe unatabasamu mdomo umefungwa. Miaka yote hiyo ulikuwa hutafuni na hukutuambia. Niliacha kazi nikaenda kunawa uso.

Niliporudi nilishika taya lako. Linaenea kiganjani, Baba. Nikakaa nalo, na pale pale nikaona kwamba sikuogopi tena. Usinielewe vibaya. Heshima ipo, imezidi hata ile ya mwanzo. Ila ile hofu ya kooni nimeitafuta sijaiona. Nimekaa na mzee ambaye fizi zinamuuma kama wazee wengine, ambaye aliona bora ajivike jina la adui yake kuliko kumsikia binti yake akisema hapana. Siwezi kumwogopa mtu huyo. Nampenda, na nilitamani angekuwepo nimwambie.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Jumatatu niliomba ruhusa nikaenda kwa rafiki yako. Nikamshukuru, nikamwambia ile nafasi siichukui. Safari yako sikuitaja, nilisema uamuzi ni wangu, na kweli ni wangu. Nikamwomba aitangaze, ili wenzangu niliosoma nao, ambao mpaka leo ni kiguu na njia na bahasha za vyeti kwapani, nao waigombee. Akasema wewe, Baba, utaumia. Nikasema najua. Alhamisi nilipita pale nikalikuta tangazo limebandikwa ukutani, na watu wamesimama wanalisoma. Nimesubiri mpaka hilo lifanyike ndipo nikakuandikia, na nimefanya hivyo makusudi, ili usiende kuniombea upya.

Kwa Bi Koleo nilirudi kwa unyenyekevu kuuliza kama nafasi bado ipo, baada ya niliyomwambia siku ile. Akasema siku ile mashine ilikuwa inanguruma, yeye hakusikia kitu. Akanipa aproni mpya.

Sikuahidi kwamba nitafika mbali, Baba. Inawezekana kabisa siku moja nitajuta, nikiwa na kikohozi changu na sina pensheni. Nikijuta nitajuta mwenyewe, hutanisikia nikikunung'unikia wewe. Ningekaa kwenye kile kiti cha kuzunguka, ningekunung'unikia kila siku ya Mungu, kimoyomoyo, na ungeniona mtoto mtiifu. Najua umeumia kusoma haya. Nimekaa na maumivu hayo wiki nzima kabla hayajakufikia.

Sasa limebaki suala la meno yako. Yako tayari kwenye nta, yamefunikwa kitambaa rafuni. Kuyatuma haiwezekani, nta inalegea kwa joto, na hata yangefika salama ni lazima yajaribiwe kinywani, nione yanavyokutana ukifumba, nipunguze hapa na pale. Yale mawili ya chini sikuyagusa wala sikuyafunika, yatabaki yamepandana vile vile. Bi Koleo amesema kazi hii nitaimaliza mwenyewe mbele ya mteja, yeye atakuwa nyuma. Kumwambia Mama au kutomwambia ni juu yako. Mimi sitafungua mdomo, ila siku ukianza kutafuna karanga mbele yake jiandae kwa maswali.

Nisalimie Mama sana, mwambie kitenge alichonipa kimekuwa pazia na kimependeza. Mdogo wangu mwambie asome, na kuimba aendelee. Shangazi akipita mpe shikamoo yangu. Na jirani naye msalimie, maana umemtumia jina lake bila hodi.

Karakana inafunguliwa asubuhi, kila siku ila Jumapili. Njoo Baba, kaa kwenye kile kiti. Ila safari hii uandikishe jina lako mwenyewe, ili nikiligeuza taya nisome chini yake kwamba baba yangu amekuja kuniona.

Ni mimi,
binti yako wa kwanza.